Fundi Sikio na Kabureta Mbili

Watu walimwita Sikio, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na mama yake. Ukimwita fundi aliitika. Ukimwita mzee aliitika kwa kununa. Lakini ukisema "Sikio!" kutoka ng'ambo ya barabara, aliinua kichwa kutoka chini ya boneti akiwa ameshaanza kutabasamu, maana alijua umesikia sifa zake mahali na umekuja kujionea.

Sifa zenyewe hazikutiwa chumvi, walau hapo zamani. Alikuwa fundi wa kabureta, tena za magari ya kizamani, yale ambayo wenyewe huyaendesha Jumapili na kuyafuta kwa kitambaa laini siku sita zinazobaki. Magari ya siku hizi aliyaita televisheni zenye magurudumu na hakuyagusa. Lakini mletee gari linalotetemeka likisimama kwenye taa, linalokohoa ukikanyaga mafuta, au linalotoa moshi mweusi na kuzima kila ukiliacha lipumue. Hapo alifungua boneti, akachomoa kipande cha bomba la mpira mfukoni, akatia ncha moja sikioni na nyingine akaielekeza kwenye mdomo wa kabureta. Alisikiliza hewa inavyoingia. Kisha alizungusha skrubu kidogo, robo ya robo, na gari likatulia.

Mngurumo huo wa gari lililosimama, ambao mafundi wanauita sailensi, ndio uliomlisha. Kuna mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kuliacha gari lake likiwaka nje ya benki mpaka petroli ikaisha, kwa kuwa lilikuwa limetulia hivyo na yeye akasahau kulizima. Sikio aliisimulia hadithi hiyo kwa miaka kumi na moja, kwa kila mgeni aliyeketi sebuleni kwake, mpaka mkewe akawa anaimalizia kutoka jikoni.

Gereji yake ilibanwa katikati ya karakana ya mshona viti vya magari na duka la betri. Ilikuwa na kuta tatu na bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili hadi ikawa nyeusi, na meza ya kazi iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani ambao tundu lake la ufunguo lilikuwa bado lipo. Humo alifanya kazi na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Shemeji alifika pale akiwa kijana mwenye nywele, na sasa alikuwa na miaka arobaini na sita na kichwa kinachong'aa. Alikuwa mtu wa maneno machache. Breki zilikuwa zake, klachi zilikuwa zake, nyaya, springi, mapaipu, kazi yote ya kulala chali na kumwagikiwa na uchafu usoni ilikuwa yake. Kabureta hakuruhusiwa kuzigusa. Amri hiyo Sikio aliitoa siku ya kwanza kabisa, na kwa miaka ishirini na zaidi hakuna aliyemsikia shemeji akilalamika.

Basi kulikuwa na gari la Daktari. Huyo alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, mama mrefu mwenye sauti ya kuamuru watu wafungue kinywa, na gari aliachiwa na marehemu mumewe: gari dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, rangi yake ya kijani imepauka kwenye mabega. Injini yake ilikuwa na silinda nne na kabureta mbili zilizokaa sambamba, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikilisha silinda mbili. Ukitaka gari la namna hiyo litulie, lazima kabureta zote mbili zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi ya mwenzake, silinda zinagombana, na injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukishazilinganisha ndipo unapogusa mchanganyiko wa petroli na hewa, na ole wako ukianza na mchanganyiko kabla ya kulinganisha, maana hapo utazungusha skrubu mpaka uzeeke.

Sikio alikuwa ameliangalia gari hilo tangu enzi za marehemu. Mwaka huo lilikuja Jumatatu, likiwa limechokachoka kwa kawaida, na Daktari alikuja na maneno yake.

"Jumamosi saa nne asubuhi nakuja na wenzangu watano," alisema. "Wote wana magari ya zamani na wote wamechoka na mafundi wao. Nimewaambia wewe ndiye fundi. Nataka walisikie hili gari kwa masikio yao."

"Watalisikia, Daktari."

"Kwa sababu mwanangu ananisumbua. Anasema tung'oe hizo kabureta, tuweke mfumo wa kompyuta kwenye karakana moja kubwa huko mjini. Nikiona umeshindwa, nitamsikiliza."

Sikio alicheka kwa nguvu. Kumwambia yeye kwamba atashindwa na kabureta ilikuwa sawa na kumwambia samaki kwamba atazama. Lakini Daktari alipoondoka, kicheko kikamkauka, kwa sababu alielewa vizuri alichoambiwa. Magari ya kabureta yalikuwa yanakwisha. Mwaka uliopita alitengeneza tisa tu. Wenye magari watano kuja kwa mkupuo ilikuwa ndio kuendelea kuwa Sikio kwa miaka mingine kadhaa. Na wakiondoka wanatikisa vichwa, jina lingebaki la kuitwa na mkewe kwa mzaha.

Sasa hapa lazima ielezwe alivyokuwa akisikiliza, kwa sababu balaa lote lilitoka hapo. Kwenye gari lile alisimama ubavuni. Kabureta ya mbele aliisikiliza akiwa ameshika mpira kwa mkono wa kulia, kwenye sikio la kulia. Kabureta ya nyuma imejibana kwenye kona, karibu na usukani, na chini yake linapita bomba la moshi lenye moto. Mkono wa kulia hauingii huko pamoja na bisibisi. Kwa hiyo alihamisha: bisibisi kulia, mpira kushoto, na sikio la kushoto ndilo linalosikiliza. Alifanya hivyo tangu ujana wake, na mwili ulikuwa umeshaizoea zamu hiyo hata haukumuuliza tena. Kabureta ya mbele, sikio la kulia. Ya nyuma, la kushoto. Mkewe alipoanza kulalamika kwamba redio inapigwa kwa sauti ya kuwatisha majirani, alisema redio imechakaa, akanunua nyingine.

Jumatatu ile alifanya kazi mpaka mchana. Alilinganisha, akafunga chujio la hewa, akaenda kula. Kwa kawaida alikula nyumbani na kurudi baada ya saa nzima. Siku hiyo alifika nusu ya njia akakumbuka amesahau miwani, akageuka.

Alimkuta shemeji ameinama juu ya injini ya Daktari. Chujio la hewa limefunguliwa, injini inawaka, mpira uko sikioni mwake, na bisibisi imo kwenye skrubu ya kabureta ya nyuma.

"Shemeji! Unafanya nini hapo?"

Shemeji alijinyoosha taratibu. Hakujaribu hata kuuficha ule mpira. "Nanyoosha kidogo tu, shemeji."

"Unanyoosha nini? Nani kakwambia limepinda?"

Shemeji akaichomoa bisibisi kwenye skrubu.

"Nakuuliza! Mara ya ngapi hii?"

"Si mara ya kwanza."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili hivi," shemeji akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu angetajia saa.

Kelele za Sikio zilimtoa mshona viti karakanani mwake na sindano mkononi. Mwenye duka la betri naye akaja, akasimama mlangoni na kukunja mikono. Sikio alipowaona ndipo alipozidi kupandisha. Alisema miaka miwili amekuwa akikuna kichwa, anaacha gari liko hivi anakuta liko vile, anajiuliza ni petroli mbaya au ni uchawi, kumbe mharibifu analala chumba cha pili na anakula mezani pake. Alisema wivu ni kitu kibaya. Alisema mtu anaweza kulala chini ya magari miaka ishirini na bado asijue kabureta ni nini. Alimwaga yote, mchana kweupe, na mengine yasiyoandikika.

Shemeji alimtazama, akawatazama wale wawili mlangoni. Alizima injini, akaweka mpira juu ya meza, akachukua shati lake kwenye msumari.

"Usirudi hapa," Sikio akamwambia. "Na kwangu utafute pa kuhamia."

"Sawa, shemeji."

Mshona viti alijaribu kuingia kati. "Fundi, ngoja kwanza, msikilize mwenzio..." Lakini Sikio hakuambilika. Alichukua simu palepale, akampigia Daktari kabla hajaulizwa kitu. Akamwambia amegundua kwa nini gari lilikuwa linasumbua siku za karibuni: kuna mtu wake wa ndani, shemeji yake mwenyewe, alikuwa akimharibia kazi kwa siri, amemfukuza, na sasa gari litakaa sawa. Daktari alisema pole sana, ndugu ndio walivyo. Sikio akakata simu, roho yake kwatu.

Akafungua upya alichokifungua shemeji na kukirudisha alivyotaka yeye. Ya mbele, sikio la kulia. Ya nyuma, la kushoto.

Jumanne gari likawa linatetemeka. Halikutetemeka sana, lakini taa za mbele zilikuwa zinacheza. Alichomoa plagi akazipanga mezani: mbili za mbele nyeupe, kavu, na mbili za nyuma nyeusi tititi kwa masizi. Akasema mchanganyiko wa nyuma umezidi petroli, akaupunguza. Injini ikaanza kukohoa. Akasikiliza tena, akasikia kabureta ya nyuma inavuta hewa kwa unyonge, akaifungulia. Sailensi ikapanda, ikawa ya kelele. Akazishusha zote mbili pamoja. Ya mbele ikakaribia kufa.

Jumatano alisaka mahali hewa inapopenya. Alinyunyiza mafuta ya taa kwenye gasketi, kidogokidogo, akingoja injini ibadilike sauti. Haikubadilika. Alibadilisha gasketi hata hivyo. Akafungua mabakuli ya petroli, akasafisha maboya, akaongeza oili nyepesi kwenye vifuniko vya juu, akapuliza kila tundu kwa mdomo mpaka midomo ikanuka petroli. Alhamisi akanunua plagi mpya. Nazo zikawa nyeusi kabla ya adhuhuri. Alimlaumu muuza petroli. Alimlaumu marehemu mume wa Daktari, kwamba hakuwahi kulitunza gari hilo ipasavyo, mtu ambaye alikuwa akiifuta injini kwa mswaki. Kila alipokwama alisema, "Miaka miwili ya kuharibiwa haitengenezwi kwa siku tatu," na alisema kwa sauti ili mshona viti asikie. Mshona viti alisikia. Aliendelea kushona.

Nyumbani mkewe alikuwa anampakulia chakula na kuondoka mezani. Shemeji alikuwa amehamia kwa rafiki yake na begi moja.

Ijumaa asubuhi mkono wa kushoto ulimteleza ukagusa bomba la moshi. Ngozi ya vidole vitatu ilipauka palepale. Mwenye duka la betri alimfunga kitambaa, akamwambia nenda nyumbani. Nyumbani wapi, na kesho ni Jumamosi? Akarudi kwenye gari. Mkono wa kushoto haukuweza kushika mpira, basi akaushika kwa mkono wa kulia, akajipinda shingo vibaya juu ya ile kona, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaisikiliza kabureta ya nyuma kwa sikio la kulia.

Ilikuwa inavuma kama bomba la maji lililoachwa wazi.

Akaruka. Akadhani imebadilika wakati huo huo. Akahamisha mpira, akaukandamiza kwenye sikio la kushoto kwa mkono huo huo wa kulia: hewa kidogo tu, kwa mbali. Akaurudisha kulia: mvumo. Alifanya hivyo mara tano. Kisha akazima injini, akasimama katikati ya gereji, akasugua vidole vya mkono wa kulia karibu na sikio la kulia. Akasikia. Akavizungusha hadi kushoto, akasugua, akasugua kwa nguvu, akapiga kidole kwa kidole.

Hakusikia chochote.

Alikaa juu ya tairi. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia, huyu alikuwa fundi wa kweli, na akili yake ilipanga mambo yote kwa mfuatano kama plagi zile mezani. Sikio la kushoto limekufa. Kwa kuwa limekufa, kila akiisikiliza ya nyuma anaisikia dhaifu. Akiisikia dhaifu, anaifungua izidi. Kwa hiyo kila gari la kabureta mbili lililopita mikononi mwake lilitoka likiwa limeharibika. Na bado wateja walikuwa wakirudi wanamshukuru. Kwa miaka miwili.

Alijaribu kujiokoa. Alitumia sikio la kulia peke yake, akaanza upya, mbele na nyuma. Likamsaidia kiasi. Gari likaacha kukohoa, lakini likawa bado linatetemeka, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyogundua kwamba hata hilo la kulia lilikuwa limekwisha makali. Liliweza kumwambia hapa kuna hewa, lisiweze kumwambia hapa imezidi kidogo. Zamani kile kidogo ndicho kilichokuwa kazi yake. Akatoa machozi, tena bila aibu, na bahati yake mshona viti alikuwa ameenda kununua uzi.

Jioni ile ile, kabla hata ya kunawa, alimuuliza mkewe.

"Mdogo wako alikuwa anairudia kazi yangu?"

"Kila ukija kula."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia asikwambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakujua," mkewe akasema. "Nilikwambia uende ukapimwe masikio, ukaninunia wiki mbili. Ukasema namtakia mabaya mume wangu. Yeye akasema basi, dada, muache, mimi nitakuwa napitia nyuma yake. Anashinda na njaa ili wewe uitwe Sikio. Na siku uliyomtukana mbele ya watu, alikuja hapa kuchukua nguo zake, nikamwambia si ungesema? Akaniambia, ningesemaje pale, na watu wamesimama?"

Sikio alianza kunawa, kwa mkono mmoja. Halafu akasema, "Mpigie simu. Mwambie aje kesho mapema."

"Mpigie wewe."

"Mimi simu siisikii vizuri," akasema, na hayo yalikuwa maneno ya kweli ya kwanza kutoka kinywani mwake wiki nzima. Mkewe akapiga.

Shemeji alifika saa moja na nusu, mikono mitupu. Akasema shikamoo kama kawaida, maana Sikio alimzidi miaka kumi na tisa, na Sikio akaitikia akiwa ametazama sakafu. Mtu mwingine angedai kwanza aombwe radhi. Huyu aliuliza tu, "Umegusa mchanganyiko?"

"Nimegusa kila kitu."

"Haya."

Alianza mwanzo kabisa. Alikaza skrubu zote za mchanganyiko mpaka mwisho, akazifungua kwa hesabu, mizunguko ile ile mbele na nyuma. Alilegeza chuma kinachounganisha kabureta mbili ili kila moja isimame kivyake. Akawasha, akaacha injini ipate moto, akasikiliza ya mbele, akasikiliza ya nyuma, bila haraka, akivuta mdomo upande mmoja. Sikio alikuwa amesimama nyuma yake, na kwa uchungu mkubwa alitambua kwamba mkono ule unazungusha skrubu kama wake. Robo ya robo. Alikuwa amejifunza kwa kutazama tu, miaka yote ile, kutoka sakafuni. Alifurahi na akachukia kwa wakati mmoja, na chuki ilikuwa na nguvu zaidi.

Saa tatu na nusu gari lilitulia. Taa za mbele ziliacha kucheza. Moshi kwenye bomba ulikuwa haupo kabisa, ni joto tu lilionekana hewani. Shemeji aliizima injini, akachomoa plagi moja ya nyuma akamwonyesha: rangi ya hudhurungi, safi. Akairudisha, akawasha tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alichukua ule mpira, akamwekea Sikio kwenye sikio la kulia, taratibu, na ncha nyingine akaipeleka kwenye kabureta ya mbele, halafu ya nyuma, halafu ya mbele tena.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Ziko sawa."

Kwa hakika hakuweza kujua kama ziko sawa. Lakini alisema.

"Nina neno moja tu," shemeji akasema huku akifunga chujio. "Mambo ya masikio ni yako, sitayataja kwa mtu. Lakini dada kaniambia ulimpigia Daktari ukamwambia mimi ni mharibifu. Akija, mwambie kwamba sikuwa naharibu. Sema tulikosana tu, yakaisha. Basi."

"Nitamwambia."

"Mbele ya hao wenzake?"

"Nimekwambia nitamwambia, shemeji. Mimi si mtoto."

Saa nne kasorobo wakaingia. Daktari mbele, nyuma yake wanaume wanne na mwanamke mmoja, wote wamevaa viatu vya kutembelea bustanini. Walilizunguka gari lililokuwa linanguruma, wakaacha kuongea. Mmoja aliinama akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Mwingine, mzee mwenye kofia, alisema gari lake halijawahi kutulia hivi tangu alinunue. Mwanamke alishatoa simu, akaomba namba ya fundi.

"Niliwaambia!" Daktari akasema, sauti imejaa gereji. "Niliwaambia kuna mtu mmoja tu. Haya, mwaminini sasa. Huyu ndiye Sikio."

Wakampa mikono mmoja baada ya mwingine. Hata aliposhikwa na ule wa kushoto, uliofungwa kitambaa, hakuhisi maumivu. Mzee wa kofia alimuuliza anafanyaje, anatumia kipimo gani, naye akagusa sikio lake kwa kidole, wote wakacheka kwa kustaajabu. Ilikuwa raha ambayo hakuwa ameipata kwa muda mrefu, na ilimpanda kichwani upesi.

Ndipo Daktari alipomwona shemeji, ambaye alikuwa amesimama kando ya meza anafuta mikono.

"Na huyu?" akauliza. "Si ndiye yule shemeji uliyeniambia? Aliyekuwa anakuharibia kazi?"

Watu watano wakageuka kumtazama shemeji. Shemeji hakuwatazama wao. Alimtazama Sikio, akangoja.

Ilikuwa ni kusema sentensi moja. Lakini Sikio aliiona sentensi hiyo inavyozaa nyingine: kama hakuwa anaharibu, alikuwa anafanya nini humo ndani ya kabureta? Kama mlikosana yakaisha, mbona ulisema miaka miwili? Aliona kidole cha yule mwanamke kikingoja juu ya simu, namba ikiwa nusu.

"Ndiye," akasema. "Amekuja kuchukua vifaa vyake tu."

"Bora," Daktari akasema, na akamgeuzia shemeji mgongo.

Shemeji aliendelea kufuta mikono kwa muda kidogo. Kisha akatafuta kitu cha kubebea, kwa kuwa hakuja na mfuko, akaona boksi tupu la oili, akalikung'uta. Akafungua droo. Alianza kutoa spana zake na kuzipanga ndani, akifuta kila moja kwanza, wakati wale wageni wakiuliza wiki ijayo walete magari siku gani. Alipofika kwenye spana namba kumi na tatu akasita, akaiinua.

"Hii ni yangu au yako?"

Waliinunua pamoja, zamani, baada ya ile ya kwanza kuvunjika.

"Chukua," Sikio akasema.

Shemeji akaichukua. Akabeba boksi kifuani, akapita nyuma ya mzee wa kofia, akaelekea barabarani. Halafu akarudi. Aliwazunguka wageni wote mpaka akafika upande wa kulia wa Sikio, akasogea karibu, akazungumza kwa sauti ya chini ambayo wengine wasingeisikia.

"Ya nyuma itahitaji kuangaliwa tena baada ya mwezi," akasema. "Tafuta mtu."

Sikio alisikia kila neno.